Chumvi Aliyoileta Wifi

Siku mume wangu alipoambiwa kwamba figo zake zimechoka, nilikuwa nimebeba kikapu cha chupa za pilipili. Nilikuwa nimepanga tukitoka hospitali niteremke nazo moja kwa moja sokoni. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nasaga pilipili, napika achari ya embe na ya ndimu, naitia kwenye chupa nilizozichemsha, na wanawake wa mitaa ya Kinama na Kamenge wananijua kwa hilo. Kwa hiyo daktari alipofika kwenye habari za chakula niliona kama ananisema mimi, ingawa macho yake yalikuwa kwa mgonjwa wake.

Alieleza polepole, lakini kichwani mwangu yalibaki maneno mawili tu: mashine, na chakula. Wakati wa mashine ya kusafisha damu haujafika, alisema. Mume wangu akinywa dawa zake na kuchunga anachokula, anaweza kukaa muda mrefu bila kuihitaji. Kisha akatutuma kwenye chumba cha pili, kwa muuguzi anayeshughulika na chakula cha wagonjwa, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye umri wake haukuzidi wa binti yangu mkubwa.

Huyo alitupa karatasi na kutusomea yaliyoandikwa. Chumvi ipunguzwe karibu yote. Zile kube za supu zinazofungwa kwa karatasi, ziachwe kabisa. Tomati ya kopo, iachwe. Mayoneze na haradali ya dukani, sosi nyeusi ya Wachina, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa kwa chumvi, vyote viachwe. Alipomaliza nikamwuliza, na achari je. Akauliza inatengenezwa na nini. Nikamtajia: embe, pilipili, mafuta, na chumvi nyingi, kwa sababu bila chumvi embe linaoza. Akatikisa kichwa kwa upole. Kikapu changu kilikuwa miguuni, nimekifunika na kitenge, nami nikakisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Mume wangu ni fundi wa magari. Ana gereji ndogo Buyenzi, mahali ambapo baba yake naye alikuwa fundi, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimempikia mtu anayekula kwa furaha. Akirudi nyumbani ananusa mlangoni na kusema tunakula nini kabla sijafungua sufuria, na mara nyingi anapatia. Sikuwahi kumpa samaki bila pilipili, wala wali bila achari pembeni. Hata maharage nilikuwa nayatia kube mbili na kijiko cha tomati ya kopo, kisha mwenyewe anaongeza chumvi mezani bila kuonja.

Jioni ile niliisafisha rafu yangu ya jikoni. Niliwagawia majirani kube, tomati, haradali, na hata kopo la mayoneze ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Chupa zangu za kuuza nilizihamishia kwenye sanduku uani ili asizione. Rafu ikabaki na mafuta, bizari na majani ya chai. Nikapika mboga za lengalenga na ugali, bila kitu. Alikula matonge matatu, akanawa mikono, akanishukuru. Ile shukrani iliniuma kuliko kama angelalamika.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Hakukataa chakula hata mara moja. Alikaa, akasoma bismillahi, akala kidogo, akasema ameshiba. Mashavu yake yakaanza kuingia ndani. Shati lake la Ijumaa likawa linamning'inia mabegani. Nilimwuliza kama kuna kitu anakitamani, akasema, "Mi sina njaa tu, mama. Usijisumbue." Jirani mmoja, mama mtu mzima anayekuja kuteka maji kwetu, alimwona akipita akasema mbele yangu kwamba pilipili ninayomlisha ndiyo imemla figo. Neno lile lilikaa nami. Nilikuwa nikisaga pilipili za watu huku najiuliza kama ninawauzia ugonjwa, na kama mikono hii ndiyo iliyomwangusha mtu wangu.

Wifi yangu alikuja kutoka Ubelgiji siku chache kabla ya Idi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alipomkumbatia pale uwanja wa ndege nilimwona akizihesabu mbavu zake kwa vidole. Kesho yake alifungua sanduku lake jikoni akanitolea kichupa cheupe chenye kifuniko cha matundu, kama cha chumvi. Alinieleza kwamba huko Ulaya wagonjwa wa presha wanatumia hiyo. Rafiki yake anaitumia na daktari wake ameiruhusu. Ina ladha ya chumvi, lakini si chumvi. "Wifi, weka tu," aliniambia. "Hii haina ubaya."

Niliionja kwenye ncha ya kidole. Ilikuwa chungu kidogo mwishoni, lakini kweli ilikuwa chumvi. Nilikaa kwenye kibao cha jikoni nikalia, na wifi akadhani nimeumia.

Mchana ule nilipika maharage. Nikakaanga kitunguu hadi kikawa rangi ya asali, nikanyunyiza kile kichupa bila ubahili. Mume wangu alionja, akanyanyua macho akanitazama, akaendelea kula. Akaomba aongezewe. Sikumbuki kama kuna zawadi yoyote niliyowahi kupewa maishani iliyonifurahisha kama ile sahani tupu. Siku ya Idi alikula pilau pamoja na watu wote, yake nikiwa nimeipika pembeni, na mchana kutwa alikuwa akicheka na dada yake wakikumbushana mambo ya utoto. Wifi aliporudi Ubelgiji aliniachia vichupa viwili vingine. Nilivipanga kwenye rafu mahali kube zilipokuwa zinakaa.

Wiki ya tatu tangu nianze kukitumia kile kichupa tulipanda tena hospitali, Kamenge, kwa ajili ya kupima damu. Tulienda kwa miguu, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepotea mjini na mabasi madogo yalikuwa yanapita moja moja, yamejaa. Njiani mume wangu alisimama mara mbili. Alisema miguu ni mizito, kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Nilifikiri ni kwa sababu ya kilima.

Damu ilichukuliwa asubuhi. Tulikuwa bado kwenye benchi tukisubiri, pengine saa mbili zimepita, daktari alipotoka mwenyewe. Kwa kawaida anaita jina kutoka ndani. Safari hii alikuja hadi kwenye benchi, akamwambia mume wangu alale, wakamletea kitanda cha magurudumu na kumbandika nyaya kifuani ili kuusoma moyo. Kisha akanigeukia mimi akauliza ni kitu gani kipya mgonjwa amekula au amekunywa. Nikamwambia hakuna. Ndizi nyingi? Hapana. Dawa za kienyeji, majani ya kuchemsha? Hapana, hapana. Nilikuwa najibu kwa uhakika kabisa, najivunia hata jinsi nilivyoifuata ile karatasi. Ndipo yule muuguzi wa chakula, aliyekuwa amesimama nyuma ya daktari, akauliza swali lake dogo.

"Mama, kwenye chakula unaweka nini, sasa vile hauweke tena chumvi?"

Nikamwambia. Akaniomba niende nikailete.

Nilipanda pikipiki hadi nyumbani Kinama na kurudi. Nilimpa muuguzi kile kichupa. Alikigeuza, akasoma maandishi madogo ya Kifaransa upande wa nyuma, akaweka kidole chini ya neno moja ili nami nilione. Potasiamu. Alinieleza palepale kwenye ukumbi. Ni madini yaliyomo kwenye vyakula vingi, na mtu mwenye figo nzima huyatoa kwa mkojo bila hata kujua. Figo zilizochoka zinayaacha yanajaa kwenye damu, na yakijaa sana moyo unakosea mapigo. Kwa mgonjwa wa presha mwenye figo nzuri, kichupa kile pengine kingefaa. Kwa wangu kilikuwa hatari kuliko chumvi yenyewe.

Walimlaza. Walimpa dawa ya kuiteremsha ile potasiamu, na kila baada ya saa kadhaa walichukua damu tena. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda. Yeye alikuwa ametulia kuliko mimi, anaangalia ile mashine inayochora moyo wake kama anavyosikiliza injini. Nilimwambia kilichotokea. Nilimwambia ni mimi. Akasema, "We ulinipa chakula, nami nilikula. Kama ni kosa, tulikosea wote wawili." Akafumba macho. Nikaushika mguu wake juu ya shuka, ule aliosema ni mzito, nikaushikilia hadi watu wa zamu wakabadilishana.

Siku ya tatu asubuhi daktari alikuja na karatasi mkononi. Potasiamu imerudi mahali pake, alisema, na moyo unaenda vizuri. Tumeiona mapema. Angeweza kutokuja kupima wiki ile, alisema, na hakumalizia. Mume wangu akauliza kama anaweza kuoga. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta uliokuwa unapigwa na jua. Alhamdulillah, nilikuwa nasema, tena na tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu.

Muuguzi alinikuta pale. Alinipeleka kwenye chumba chake na kunipa maji, na kwa sababu alikuwa na sauti ile ya chini, nikamwambia yote, hata lile ambalo sikuwa nimemwambia mume wangu. Nilimwambia kazi yangu ni nini. Nilimwuliza kama ni kweli kwamba pilipili yangu ndiyo iliyomharibia figo.

"Apana, mama," alisema. "Pilipili haikumufanya kitu. Presio njo ilimuchokesha mafigo, ilikuwa juu myaka mingi na hakuna mutu alikuwa anajua. Daktari alikuambia siku ya kwanza, ila haukusikia."

Ni kweli, sikusikia. Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Chumvi nyingi ilisaidia kuipandisha ile presha, alisema, na hilo hatutalificha, lakini ni chumvi ya nyumba zote za mjini, si ya kwangu peke yangu. Na pilipili mbichi, ile yenyewe, haina shida kwa kiasi cha kuonja. Shida ni chumvi ninayoisagia nayo.

Basi tukakaa na ile karatasi upya, safari hii mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Nilitaja kitu kimoja kimoja kama ninavyokipanga jikoni. Ndimu? Kuikamulia samaki, sawa. Siki? Sawa. Kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi? Sawa, kwa kiasi cha kuungia. Bizari ya kukaanga, pilipili manga, karafuu? Sawa. Kotimiri? Kidogo, kwa harufu. Mafuta? Ndiyo, na kwa mtu aliyekonda hivi usiyaogope. Mayoneze ya kupiga mwenyewe kwa yai na ndimu, bila chumvi? Akafikiri, akasema kijiko kimoja, mara moja moja. Lengalenga? Chemsha kwa maji mengi, mwaga, kisha ndipo uunge, na usimpe kila siku. Alinifundisha kugeuza kila chupa ya dukani na kulitafuta lile neno, na neno sodiamu, yaani chumvi, na nikiona mojawapo karibu na mwanzo wa orodha niirudishe. Mwisho akaniwekea sharti moja: kitu chochote kipya, hata kama kimeletwa na mtu anayetupenda, kipite kwake kwanza.

Nilitoka mle na karatasi iliyojaa maandishi yangu. Miezi yote ile nilikuwa nimeisoma kama orodha ya makaburi. Sasa kulikuwa na upande wa pili, na upande huo ulikuwa na vitu ninavyovijua.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya. Nilimimina siki nyingi mno kwenye saladi ya kabichi, mume wangu akakohoa hadi machozi yakamtoka. La pili nilisahau mafuta, ikawa kali na kavu. Nikakaa nikafikiria kama ninavyofikiria nikitengeneza achari. Chumvi inafanya kazi gani kwenye mdomo? Inaamsha. Basi ni nini kingine kinachoamsha? Nikakata kitunguu vipande vyembamba kabisa, nikakilaza kwenye maji ya ndimu hadi kikageuka rangi ya waridi. Nikakaanga bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu, jiko zima likanukia, nikaitwanga. Tangawizi nikaikwaruza. Pilipili moja nikaitoa mbegu, nikaacha ganda tu, kwa sababu nilitaka harufu yake kwanza na ukali baadaye. Mafuta yakaja mwisho, nikayakoroga kwa uma hadi vitu vyote vikashikana. Nikaonja. Niliongeza ndimu kidogo. Nikaonja tena, na mkono wangu haukwenda kutafuta chumvi.

Mchana ule nilimchoma mukeke kwenye makaa. Nilimpasua mgongoni, nikamimina mchanganyiko wangu wakati bado samaki analia. Mume wangu alikuwa uani, amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anarekebisha redio ya mtu. Aliinua kichwa.

"Leo ni mukeke," alisema. "Na bizari. Na kitu kingine, hicho sikijui."

Nikamwekea mbele yake. Alikula polepole upande wa kwanza, akamgeuza samaki, akala upande wa pili, kisha akaanza kunyonya mifupa ya kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya nafuta sahani. Aliponyanyua uso alisema, "Humu umeweka ile ya wifi yako?" Nikamwambia hapana, humu hakuna chumvi ya aina yoyote. Hakuamini. Akaomba kile kibakuli, akachovya kidole, akaonja macho yamefumbwa. "Basi kesho tena," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Wifi nilimpigia simu wiki hiyo. Nilikuwa nimeahirisha kwa sababu nilijua itamvunja, na mume wangu alisema bora ayasikie kutoka kwangu kuliko kwa watu. Nilimweleza taratibu, nikianza na mwisho, kwamba mdogo wake mzima, anakula. Alipoelewa akauliza kama ninamkasirikia. Nilimwambia nilivyohisi kweli: kwamba nami niliionja na kuishangilia, na kwamba katika wiki zile tatu mdogo wake alicheka, na sina moyo wa kumtupia mtu lawama kwa hilo. Akalia kidogo. Halafu akaniomba nimsomee ile karatasi yote, tangu juu hadi chini, naye akaandika.

Nilibadilisha na biashara yangu pia, si kwa kishindo. Natengeneza pilipili ya kawaida, watu wanaitaka, na kando yake natengeneza vichupa vichache visivyo na chumvi, vya ndimu na tangawizi. Havikai sana, kwa hiyo ninasaga vile tu vilivyoagizwa, na ninamwambia kila mnunuzi avimalize mapema. Sikutegemea kwamba vitatakiwa. Lakini ukianza kuuza kitu kama hicho, unagundua ni nyumba ngapi zina mtu wa presha ambaye hazungumziwi. Yule mama jirani naye alikuja, akasimama pembeni hadi wengine walipoondoka, akasema ni kwa ajili ya mumewe. Wa figo ninawatuma kwanza kwa yule muuguzi.

Baada ya miezi mitatu tulipanda tena kwa ajili ya vipimo. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, na sidhani kama yeye alilala, ila kila mmoja alijitahidi asimwamshe mwenzake. Daktari aliita jina letu kutoka ndani, kama kawaida, na kwa hilo tu nikaanza kupumua. Alisoma namba, akazilinganisha na za zamani. Figo ziko palepale zilipokuwa, alisema. Hazijashuka. Potasiamu nzuri, presha nzuri, na uzito umepanda kilo tatu. Akasema hazitapona, tusidanganyane, lakini zikikaa hivi yeye hana haraka nasi, turudi baada ya miezi mingine mitatu. Mume wangu akamshukuru na kumwuliza gari lake linaendaje, kwa sababu alikuwa amelisikia likiingia asubuhi na hakuipenda sauti yake. Daktari akacheka, akamwonyesha lilipoegeshwa.

Tulipokuwa tunateremka mvua ikatukuta karibu na njia ya kuingilia Kinama. Tukajibanza kwenye kibaraza cha fundi cherehani pamoja na watu wengine. Maji yalikuwa yanapita barabarani yakiwa mekundu, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mume wangu alikuwa ameliweka jalada la karatasi za hospitali chini ya shati ili lisilowe, tumbo limetokeza mbele kama la tajiri. Aliniuliza tutakula nini. Nikamwambia bado sijajua, kabichi labda, au mayai. Akasema mayai hayana neno, lakini je, ile mayoneze ya kupiga, kile kijiko kimoja cha mara moja moja, kimeshatumika mwezi huu au bado?

Nilimwambia bado. Akaitikia kwa kichwa, ametosheka, akaendelea kuangalia mvua.